Mwaka wa Oili Nzito

Tulimzika Fundi Ambakisye siku ya Jumamosi, Mbeya, na Jumatatu jioni Kabula alikuwa mezani kwangu Iringa, anakula wali na maharage kwa mkono kama tulivyokuwa tukila tulipokuwa wasichana. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Pale msibani tulipeana pole, kila mmoja akaziangalia mvi za mwenzake, tukapatana kwamba akiwa anarudi Dodoma anakoishi atapumzika kwangu njiani. Siku hiyo nilifunga duka saa nane mchana, mimi ambaye hata nikiwa na homa ya kutetemeka bado nafungua. Nilipika, nikafagia, nikafagia tena palipokwisha kufagiliwa. Nilijua atataka kuzungumza habari za mama yake, na nilikuwa naogopa.

Alikula kwanza. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Editha, mimi nilishakubali zamani. Lile gari nililiua mimi. Kaka alisema saa tano na nusu, mimi nikafika saa saba. Ningefika kwa wakati, fundi angelihudumia kwa nafasi yake, injini isingenoki, na mama angeendelea kwenda hospitali. Hilo ni langu. Nitazikwa nalo." Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Mimi nikanyanyuka, nikaenda jikoni kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Nilisimama kule nimeshika ukingo wa sinki, nikajiambia kwamba mwanamke huyu amebeba miaka yote hii mzigo usio wake, na mwenye mzigo yuko hapa jikoni anajifanya anatafuta chumvi.

Ili aeleweke yeye, na nieleweke mimi, lazima niueleze mwaka ule. Habari za kwetu Kilolo naziruka. Hazina kosa lolote katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyosemeka, nikapata kazi Mbeya, kwenye kiduka cha spea na oili kilichoegemea gereji ya Fundi Ambakisye. Kabula alikuwa anasoma chuo. Tulikutana kanisani, kwenye kwaya, tukagundua kwamba wote wawili tunatafuta chumba, tukapanga kimoja Mabatini. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na dirisha dogo linaloangalia uani kwenye mparachichi. Chini ya mparachichi ndipo lilipolala gari. Lilikuwa gari dogo jeupe la mtumba kutoka Japani, la kaka yake Kabula aliyekuwa mwanajeshi, naye alilinunua kwa kazi moja tu, kumpeleka mama yao hospitali. Ilipofika mwezi wa sita, Mbeya ikaanza baridi yake ile ya kuuma masikio, Kabula akawa analifunika boneti kwa blanketi kila jioni. Blanketi lilikuwa letu. Sisi tulijifunika khanga na makoti, tukachekana meno yakigongana.

Mama Kabula aliishi Rujewa. Walikuwa watu wa kaskazini, Wasukuma, walioshuka Usangu na ng'ombe wao, wakaishia kulima mpunga. Moyo wake ulikuwa umechoka. Maji yalikuwa yanamjaa tumboni, yanapanda, mpaka anapumua kwa kukaa, kulala hawezi, na kila baada ya wiki moja ilibidi aletwe Mbeya kutolewa maji yale. Basi mpango ukawa huu: Jumatano baada ya vipindi Kabula anashuka na gari Rujewa, Alhamisi alfajiri anapanda na mama, Ijumaa anamrudisha. Akishatolewa maji, mama alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anakaa kwenye kile kitanda chetu, miguu imenyooshwa, anatusema kwa jinsi tunavyopika. Ukimuuliza hali, hata akiwa hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, jibu lake lilikuwa moja, la Kisukuma: "Mhola duhu." Nzima tu.

Mimi dukani nilikuwa najifunza, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa hodari. Fundi Ambakisye alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye masikio kuliko macho. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, anasikiliza, halafu anasema ugonjwa. Watu walitoka Tukuyu na Tunduma kuja kusikilizwa. Kuhusu oili alikuwa na amri moja tu, naye aliitamka kama Baba Yetu: mlima unataka oili nzito. Gari la tambarare litumie inayotaka, lakini gari la Mbeya, linalopanda na kushuka, oili nyepesi itachuruzika kama uji wa mgonjwa na kuacha vyuma vikisagana. Kwa hiyo dukani tulikuwa na pipa moja kubwa la oili namba arobaini, tuliyoiita foti, na tuliipima kwa lita. Baada ya miezi mitatu niliweza kuichukua kati ya vidole viwili, nikaivuta, nikakwambia hii ni foti nzima au kuna mjanja kaichakachua. Wateja wakaanza kuniita Fundi Editha. Jina lile lilinilewesha kuliko pombe yoyote.

Kaka yake Kabula alikuwa kwenye kozi ya jeshi ambako simu walirudishiwa Jumapili tu, kwa muda mfupi. Jumapili moja tulikuwa tumekaa kitandani, sufuria ya makande katikati, ujumbe ukaingia kwa herufi kubwa kama amri: GARI LIKAMWAGWE OIL KESHO. 5 30. USIKOSEE.

"Kesho saa tano na nusu nina kipindi," Kabula akalalamika.

"Nani kakwambia saa tano? Huyo mwanajeshi, hao wanahesabu Kizungu. Hiyo ni faivu-theti, saa kumi na moja na nusu jioni."

"We naye! Gereji gani inamwaga oili saa kumi na moja na nusu? Fundi si ameshanawa mikono?"

"Basi kamuulize kaka yako."

"Simu ameshanyang'anywa, nimuulize nani?"

Tulibishana mpaka makande yakapoa. Yeye alishikilia saa tano na nusu, mimi nikang'ang'ania kumi na moja na nusu, tukacheka, tukarushiana punje za mahindi. Hata mmoja wetu hakufikiri kwamba zile namba si saa kabisa. Na lile neno la mwisho, usikosee, tulilisoma usikose, yaani usikose kwenda. Ile e ya ziada tukadhani kidole chake kimeteleza. Nimekuja kuifikiria ile e kuliko ninavyoyafikiria maandiko matakatifu. Mtu alikuwa mbali, kapewa dakika chache za kushika simu, kaandika kitu kimoja chenye maana, na sisi tukakigeuza mchezo.

Kesho yake Kabula alifika gereji saa saba mchana, anahema, anaomba radhi kwamba mwalimu aliwachelewesha. Fundi alikuwa anakula ndizi zake, akamwambia oili haina haraka, mwanangu, kaa. Nilitoka na lile kopo la kupimia. "Nikupimie ipi?" nikamuuliza, kwa maringo, maana ipi yenyewe ilikuwa moja. Kabula akajibu, "Mwenye duka si wewe? Weka unayoijua." Nikaweka niliyoijua. Lita nne za foti, nikazimimina kwa mkono wangu, polepole, bila kudondosha hata tone, nikafuta pembeni kwa kitambaa, nikafunga kifuniko. Nilikuwa nafurahi kumhudumia rafiki yangu. Ndiyo picha ninayobaki nayo ya mimi mwenyewe katika mwaka ule, msichana anatabasamu, anamimina.

Jumanne ya wiki iliyofuata, asubuhi, alikuja sista mmoja wa shirika fulani la Kikatoliki, anatoka Iringa, anaendesha mwenyewe kigari kidogo cha misheni. Alikuwa na uso wa watu wa kwetu, na kweli, alinisalimia "Kamwene," nikaitika "Kamwene" kwa furaha ya kusikia lugha ya nyumbani. Akauliza, "Mna faivu-theti?" Nikaangalia saa ya ukutani. Nikamjibu kwa adabu zote, "Bado, sista. Sasa hivi ni saa nne kasoro."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Siulizi saa, mwanangu. Nauliza oili." Akanitoa nje, akafungua boneti, akachomoa kifuniko cha kujazia oili, akakifuta kwa kidole, akanionyesha. Palikuwa pamechorwa 5W-30. Akanieleza kama mwalimu wa darasa la tatu: hii W ni baridi, namba ya mbele inasema oili itakimbia namna gani injini ikiwa ya baridi, namba ya nyuma inasema itasimama namna gani injini ikishapata moto. "Wewe wa Kilolo," akasema, "asali ya mwezi wa saba asubuhi inatoka kwenye chupa?" Nikasema haitoki, mpaka uikalishe karibu na jiko. "Haya. Hizi injini za siku hizi njia zake za oili ni nyembamba. Ukiiwekea foti kwenye baridi hii ya Mbeya, unapowasha asubuhi, kule juu vyuma vinazunguka vikavu vinaisubiri. Kila asubuhi vinasubiri." Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kama mtu ameshaweka je. Akanitazama. "Siku ngapi?" Nikasema nane. "Basi hajaharibu kitu. Aimwage leo, aweke inayotakiwa. Hapa mjini ipo, mimi nilitaka tu kupunguza kutembea." Akafunga boneti, akanipa baraka, akaenda zake.

Ningeweza kusema siku ileile. Haya siyasemi ili nihurumiwe. Nilirudi Mabatini, Kabula alikuwa amechutama mbele ya jiko anapika wali bila chumvi. Alikuwa na tabia hiyo wiki ile, anataka kuonja anachokula mama yake, aliyekatazwa chumvi hospitali. Gari lilikuwa nje chini ya blanketi letu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Leo kuna baridi." Akasema, "Sana." Basi, ikaishia hapo. Nilijiambia mengi. Kwamba gari linatembea, mbona halina shida. Kwamba nikisema, Kabula ataniuliza mbele ya Fundi, na Fundi atakuwa ameaibishwa na mtoto wa juzi mbele ya watu wanaotoka Tunduma kuja kumsikiliza. Na wiki ile ile Fundi alikuwa ameniambia kwamba mwezi ujao atanikabidhi ufunguo wa duka. Niliutaka ule ufunguo. Niliutaka kwa njaa ambayo leo nikiikumbuka natamani kujizaba kibao. Nikajipangia kwamba kwenye huduma nyingine nitaweka ile nyepesi, kimya kimya, na hakuna atakayejua.

Mara moja nilijaribu, lakini kwa woga, na ukweli ukisemwa kwa woga hauna meno. Nilimuuliza Fundi, "Hivi hizi gari ndogo za Kijapani haziwezi kutumia oili nyepesi?" Alikuwa amelala chini ya lori. Akajibu huko huko chini, "Gwe Editha, mwenye njaa unampa uji mwepesi?" Mafundi wote wakacheka. Nikacheka na mimi.

Wiki ya nne gari likaanza kugonga. Asubuhi, likiwashwa, sauti kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa kijiko, halafu inapotea. Kabula akalileta, macho yamemtoka, maana kesho yake ilikuwa Jumatano. Fundi akaweka bisibisi, akafumba macho. Nilisimama pembeni naomba Mungu amfunulie, ili isiwe mimi. Akafumbua macho akasema, "Inalia kiu. Mwongezee uzito." Ndiyo ilikuwa dawa yetu sote, na bado ni dawa ya mafundi wengi mpaka leo: injini ikigonga, nenepesha oili. Kulikuwa na kopo la dawa fulani nzito kama sukari guru iliyoyeyushwa, unaimimina kwenye oili na kelele inakufa. Nilimimina mimi. Kelele ikafa kweli. Kabula akanikumbatia, akajipaka masizi yangu kwenye shavu lake. Akasema, "Mungu amekuweka hapa kwa ajili ya mama." Nikasema amina. Naapa, nilisema amina.

Wiki ya sita aliniomba tushuke wote Rujewa, mama alikuwa amevimba kuliko kawaida na alitaka mtu wa kukaa naye kiti cha nyuma. Tulipofika tulikuta wali mpya umepikwa, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na bakuli dogo la mama lisilo na chumvi limewekwa peke yake. Nyumba ilikuwa na ukuta usiofika juu, na nikiwa nimejilaza chumba cha pili nilimsikia mama akiongea na jirani aliyekuja kumjulia hali. Jirani alimwambia dada, umechoka, kwa nini usipumzike na hizi safari. Mama akasema, kwa vipande, anavuta pumzi katikati, "Hili gari ndo linanipumulisha mimi. Nikifika kule narudi mtu. Siku lisipokuja, mjue nimekwisha." Nikageukia ukutani. Nilikuwa na kila kitu cha kusema, na mlango ulikuwa hatua tatu tu. Nilihesabu zile hatua.

Alfajiri alitoka nje mwenyewe, kitenge kimefungwa juu ya tumbo, akaliendea gari kwa miguu yake, akashika mlango, akapumzika, akaingia. "Mwangaluka," nikamsalimia. "Mhola duhu," akasema. Tulipita Chimala vizuri. Igurusi ile sauti ikarudi, safari hii haikupotea. Kabula akafungulia redio, nadhani ili asiisikie. Tulipoanza kupanda Inyala, taa nyekundu ya oili ikawaka, na kabla Kabula hajamaliza kuuliza hiyo ni taa ya nini, pakatokea mlio mmoja, kama nyundo imedondokea kwenye karai, gari likatikisika, likafa. Moshi ukatoka. Chini ya gari ile foti yangu ikaanza kushuka na lami, nyeusi, polepole, haina haraka.

Tulimtoa mama, tukamkalisha kwenye khanga pembeni ya barabara. Kulala alikuwa hawezi, kwa hiyo nilikaa nyuma yake, mgongo wangu ukawa kiti chake, na kila alipovuta pumzi nilisikia ndani ya mbavu zangu. Jua lilipanda. Malori yalipita yakikoroma kwa gia ndogo, madereva wanatuangalia muda mrefu kwa sababu ya mwendo wa kupanda, halafu wanapita. Mabasi yalikuwa yamejaa, na pale kilimani hayasimami. Kabula alikuwa katikati ya barabara anapunga kitenge chake, analia, anapiga magoti kwenye lami mbele ya magari. Midomo ya mama ikageuka rangi. Nikasema sikioni kwake, "Mama, nisamehe." Alidhani namwombea radhi kwa joto. Akanipiga kofi dogo mkononi, kama unavyomtuliza mtoto.

Mwishowe lori la vitunguu likasimama. Mbele kwa dereva palijaa, kwa hiyo wanaume wanne walimnyanyua, wawili mabega, wawili miguu, kitenge kikafunguka njiani na yeye hana mkono wa kukishika, wakampandisha juu ya magunia. Kabula alifunika anachoweza kufunika. Tulifika hospitali saa nane mchana. Walimtoa maji, wakamlaza siku tatu, akapona kwa namna ile ya kupona kwake, lakini kitu kilikuwa kimekwisha. Alirudi Rujewa kwa basi, akaja kwa basi mara mbili, kila mara akibebwa kupandishwa na kubebwa kushushwa. Mara ya tatu Kabula alipokwenda kumchukua, mama alikuwa amekaa mlangoni amevaa nguo za nyumbani. "Sibebwi tena na wanaume nisiowajua," alisema. Kabula alilia, alipiga kelele, aliita mchungaji. Mama alisikiliza wote, akawashukuru. Alifariki kabla miche ya mpunga haijahamishiwa mashambani. Daktari alisema hata hivyo moyo ule usingefika mbali. Inawezekana. Lakini ungefika mbali zaidi ya pale.

Fundi alipoifungua injini alikuta vyuma vimekula vyuma. Akasema, "Gari la mtumba, limekuja limechoka." Wote wakaridhika, lawama ikaenda Japani, mbali, ambako haimuumizi mtu. Nilikabidhiwa ufunguo wa duka. Nilikaa nao mwezi mmoja, nikaurudisha, nikaja Iringa. Kabula aliacha chuo akamfuata kaka yake Dodoma. Miaka mingi baadaye, nikiwa na duka langu hapa Ipogolo, nilimpigia Fundi simu nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Ungeniambia siku ile ningekufukuza. Kesho yake ningekuita." Siku moja tu ya kufukuzwa, ndiyo bei niliyoogopa.

Dukani kwangu mteja akisema oili ni oili tu, nipimie, namfokea. Wananiita mama mkorofi. Namtoa nje, namfungulisha boneti, namsomesha kifuniko chake mwenyewe kwa sauti, hata kama ni mzee wa kanisa. Wengine wanaondoka wamenuna wanakwenda kununua kwa jirani. Waende.

Nirudi mezani. Nilitoka jikoni bila chumvi, nikakaa, nikamwambia Kabula kwamba ile haikuwa saa. Nikamchorea kwenye karatasi, ile tano, ile W, ile thelathini. Nikamwambia kwamba kaka yake alikuwa anataja oili, na sisi tukabishana saa, na mimi nikaweka foti. Angekuja saa tano na nusu, saa saba, au saa kumi na moja na nusu, ningeweka foti ileile. Aliikodolea macho ile karatasi. "Kwa hiyo haikuwa saa?" Nikasema haikuwa saa. Akaanza kucheka, akacheka kwa kupiga meza, kisha kicheko kikavunjika akalia kama aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. "Nimeilaumu saa, Editha! Miaka yote hii naamka naangalia saa!" Akazunguka meza, akanishika kichwa, akakibana kifuani. "Pole na wewe. Tulikuwa watoto. Hatukujua." Na mimi, nikiwa ndani ya mikono yake, nikasema, "Hatukujua."

Aliondoka asubuhi na basi la Dodoma. Tangu siku hiyo ananipigia simu kila baada ya siku mbili, tatu. Anasema analala vizuri. Anasema kitu cha ajabu, chakula kimerudi kuwa na ladha. Ananiita dada sasa, na ananiambia niandike habari za mwaka ule nimtumie asome, kwa sababu nilikuwa na kumbukumbu nzuri siku zote.

Basi soma, Kabula. Lile neno tulilosema wote wawili lilikuwa la kweli kwako peke yako. Mimi nilijua tangu Jumanne ya wiki ya pili, na niliambiwa siku hiyo hiyo namna ya kurekebisha, na nililala kitanda kimoja na wewe siku thelathini nikiwa najua, na mama yako alikuwa bado anatembea mwenyewe.